Kunyang'anya mtoto simu si malezi

Malalamiko ni mengi siku hizi juu ya watoto na simu. Makanisani, katika mikutano ya wazazi shuleni na hata ndani ya matatu, utawasikia watu wazima wakisema kwamba watoto wa leo hawaitiki wakiitwa, hawajui kuamkia wageni, na wakipokonywa simu hulia kana kwamba wamefiwa. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini dawa inayotolewa na wengi, yaani kunyang'anya simu na kuzima televisheni, ni nusu ya dawa. Mtoto aliyepokonywa simu akaachwa ameketi tu hajafunzwa lolote. Anangoja irudi.

Televisheni si mgeni nchini. Ilianza mwaka 1962, na hadi kituo cha KTN kilipofunguliwa mwaka 1990 tulikuwa na kituo kimoja tu. Seti zilikuwa chache. Watoto wa mtaa walijazana sebuleni kwa jirani, na matangazo yalipofungwa usiku kila mmoja alirudi kwao. Simu ya leo haifungwi. Mtoto huitazama peke yake, pengine chini ya blanketi, wala hakuna jirani au mzazi ajuaye anachotazama.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Lilisema kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Lakini mwongozo huo haukuishia kwenye makatazo. Ulisema pia kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kucheza na kujinyosha viungo kila siku, pamoja na kusomewa na kusimuliwa hadithi na mtu mzima. Maana yake ni kwamba ukitoa kitu, weka kingine.

Kwa familia za Kikristo agizo hili si geni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inawataka wazazi wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Nyakati zote nne ni za maisha ya kila siku. Hakuna hata mmoja unaohitaji mimbari.

Hata hivyo, wengi wetu tumeliachia kanisa kazi hiyo. Yafaa tukumbuke kwamba Robert Raikes alipoanzisha shule ya Jumapili mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto maskini waliofanya kazi juma zima na kukosa nafasi ya kusoma. Hakukusudia kuwapumzisha wazazi. Juma lina saa 168. Mwalimu wa Jumapili akipewa saa moja, je, hizo 167 ni za nani? Tusipozijaza sisi, wapo watakaozijaza, tena bila kutuomba ruhusa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuzirudishe kazi za nyumbani mikononi mwa watoto, wavulana kwa wasichana. Mtoto anayefagia anaweza kusimuliwa habari za yule mwanamke wa Injili ya Luka aliyewasha taa na kufagia nyumba yake akitafuta sarafu moja iliyopotea. Anayeosha vyombo asikie jinsi Bwana Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake miguu. Anayechagua mawe katika maharagwe hujifunza subira, kwa maana akiharakisha, jioni jiwe litamvunja jino yeye mwenyewe. Mafunzo ya namna hii hayasahauliki upesi kwa kuwa mkono umeyashika.

Pili, tuwatume. Mtoto akitumwa dukani na noti ya shilingi mia, arudi na bidhaa na chenji kamili, na chenji hiyo ihesabiwe mezani mbele yake. Huo ndio uaminifu. Mtoto asiyeaminika kwa shilingi kumi leo, kesho tutamshangaa akila fedha za ushirika. Vilevile mtoto aitwe mara moja na aitike. Samweli alipokuwa mdogo aliamka usiku kila aliposikia jina lake, akidhani ni Eli anayemwita. Mtoto aliyeziba masikio kwa vifaa vya muziki ataisikiaje sauti ya mama yake, sembuse ya Mungu?

Tatu, michezo. Kuruka kamba, kati, kibe, mdako na drafti ya vizibo vya soda havihitaji umeme wala fedha nyingi. Humo mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kununa na kushinda bila kudharau. Katika mchezo wa simu mtoto akishindwa huanza upya na hakuna aliyeumia. Katika kati, akidanganya, wenzake watamtoa mchezoni, na somo ataliona siku hiyo hiyo.

Nne, jioni iwe na hadithi na vitendawili. Wazazi watunge vipya kama wale wa zamani walivyotunga vyao. Kitendawili! Tega! Mgeni wangu hali wala hanywi, lakini nikimpakata simsikii mama akiita. Mtoto atakayejibu "simu" atacheka, na atakuwa amejihubiria mwenyewe. Baada ya hapo isomwe aya moja ya Biblia, na mtoto mdogo kuliko wote aombe. Dakika ishirini zatosha.

Tano, Jumamosi au Jumapili alasiri, tuende nao kumwona mgonjwa au mzee anayeishi peke yake. Tangu maaskofu Wakatoliki wa AMECEA walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mwaka 1976, waumini wamezoea kukutana nyumba kwa nyumba. Yafaa watoto nao wapewe kazi huko: wabebe unga, wateke maji, waimbe. Huruma hufunzwa kwa kumgusa mwenye shida.

Najua watakaosema kwamba hayo ni ya wenye nafasi. Mama anayeuza mboga sokoni hufika nyumbani saa mbili usiku, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika chumba hicho hicho sukuma wiki lazima ikatwe na vyombo lazima vioshwe. Mama asiongeze kazi mpya. Amwite mtoto katika ile iliyopo, wazungumze wakiifanya. Na panapokuwa na yaya, aelezwe utaratibu wa nyumba, na mtoto afundishwe kumheshimu kama dada yake mkubwa.

Wala hatusemi simu ni shetani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ndiyo mkoba wetu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wako watoto waliosomea kwenye redio, televisheni na simu. Chombo si kibaya. Kibaya ni kukifanya mlezi.

Lakini neno zito ni kwetu wazazi. Mwana hutazama kisogo cha nina. Baba anayekula ugali jicho likiwa kwenye mechi ya Uingereza hana ulimi wa kumkataza mwanawe. Hata Biblia iliyomo ndani ya simu ina tatizo lake: mtoto akimwona baba ameinamia kioo, hawezi kujua kama anasoma Zaburi au anabashiri matokeo ya mpira. Nunueni Biblia ya karatasi, ikae mezani, mtoto aione ikifunguliwa. Na wakati wa chakula simu zote zitiwe kikapuni, ya baba ikitangulia.

Anzeni juma hili, tena kwa jambo moja tu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka sita leo, baada ya miaka kumi atakuwa na simu yake mwenyewe, wala hatakuwapo mtu wa kumnyang'anya. Siku hiyo atalindwa na kile tu tulichokwisha kukiweka moyoni mwake.