Kabla ya Kufungulia Pampu, Ziba Panapovuja

Kutoka Mwanga mjini kwenda Msangeni, gari huiacha tambarare yenye joto na kuanza kuupanda Upare wa Kaskazini, kona baada ya kona. Land Cruiser au Prado ya miaka ya tisini, imebeba abiria na mikungu ya ndizi, huonyesha hapo hali yake halisi. Ikikata pumzi mlimani, moshi mweusi hutanda nyuma, na jioni yake ushauri kijiweni huwa ni ule ule: mwambie fundi aifungulie pampu, dizeli iongezeke.

Ushauri huo ni wa bei nafuu kweli, maana kwa pampu za zamani unahitaji spana na bisibisi tu. Hata hivyo, ulipaswa kuwa wa mwisho, kwa sababu kinachokosekana mlimani mara nyingi ni hewa, si dizeli.

Turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini, ilipatentiwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, lakini jaribio lililoipa heshima lilifanyika mlimani. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 usawa wa bahari ilishuka hadi 230 kileleni. Ilipofungwa turbo, ikatoa 356 pale pale kileleni. Kilichopungua juu kule ni hewa, na turbo iliirudisha.

Milima ya Upare wa Kaskazini haifiki huko. Kilele cha Kindoroko kina mita 2,113. Lakini kwenye mita 1,500 tu hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Gari la turbo linalohema kwenye mwinuko huo, mara nyingi linapoteza hewa njiani kabla haijafika kwenye silinda. Kulimwagia dizeli zaidi ni kuongeza moshi na joto.

Basi kazi ianzie kwenye mipira ya hewa. Mpira uliotimiza miaka ishirini na ushee hupasuka upande wa chini, pasipoonekana. Gari likiwa limesimama, ufa hujifunga. Turbo ikijaza, hufunguka na kupumua nje. Dalili yake ni alama ya oili na vumbi lililogandia karibu na klampu. Mpira mpya na klampu nzuri si gharama ya kutisha, na dereva ataona tofauti kwenye kona ya kwanza. Chujio la hewa lifuate, hasa kwa gari linalokula vumbi kila siku, kisha nozeli zipimwe kwenye mashine. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza hula dizeli bila kuleta nguvu.

Baada ya hapo ndipo pesa ya kuongeza nguvu inapokuwa na maana. Kifaa cha kwanza ni geji ya joto la moshi, kipimo chake kikifungwa kabla ya turbo. Mafundi wengi wa dizeli hawapendi joto hilo lizidi nyuzi 700 kwa mpando mrefu, na pistoni ni ya aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Anayefungulia pampu bila geji anabahatisha na injini ya mtu.

Cha pili ni intakula. Injini ya 1HD-T ya lita 4.2, iliyokuja na Land Cruiser 80 mwaka 1990, haikuwekewa intakula kiwandani. Ya mtumba ikifungwa vizuri huipoza hewa inayotoka kwenye turbo, hivyo hewa nyingi zaidi huingia kwenye silinda na joto la moshi hupungua. Hapo dizeli kidogo inaweza kuongezwa kwa amani, ingawa injini hiyo inajulikana kwa kula beringi za konrodi, na ni busara zikaguliwe kwanza.

Mwenye injini ya 1KZ-TE ya lita 3, iliyoanza mwaka 1993, awe mwangalifu zaidi. Silinda hedi yake hupasuka ikichemshwa, na bei ya hedi nyingine inaweza kumaliza faida ya msimu mzima wa kubeba mizigo. Kwa gari hilo, kuzibua rejeta na kubadili feni iliyochoka kuna tija kuliko nguvu yoyote ya ziada. Pampu yake pia inaongozwa na kompyuta, kwa hiyo mazoea ya bisibisi hayafai.

Tena, gari linalopanda kwa kasi zaidi litashuka na abiria wale wale. Mmiliki aliyebakiwa na chenji baada ya mipira na intakula aipeleke kwenye breki: pedi, viatu vya nyuma, na mafuta ya breki ambayo pengine hayajabadilishwa tangu gari literemshwe bandarini.