Tusimhukumu Fundi Kabla ya Kufungua Katoni



Katika tafakari ya juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo dogo, dogo hata kwa jina lake, yaani kipanya. Wenye umri wetu wakilisikia neno hilo huenda wakakumbuka yale mabasi madogo yaliyokuwa yakitusonganisha barabarani. Sisi tunasema kile kipanya cha kompyuta, tena kile kisicho na waya, ambacho siku moja hapa Picha ya Ndege kiligoma kufanya kazi na kutufunulia udhaifu wetu.

Kompyuta yetu ya ofisini ilikuwa ya zamani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, tulishauriwa kutafuta bodi mpya, ile ambayo mafundi huiita madabodi, kwa sababu ya zamani haikuweza kupokea Windows 11. Tukamwita kijana mmoja anayejipatia riziki yake kwa kutengeneza kompyuta kando ya barabara ya Morogoro. Akabadilisha bodi, akajaribu mashine kwa kipanya chake chenye waya, ikawaka vizuri. Bodi ya zamani akaifunga katika katoni, akatukabidhi pamoja na mabaki mengine, akapokea ujira wake na kuondoka.

Jioni ile tulichukua kipanya chetu, tukachomeka kile kipokezi kidogo tulichokikuta katika droo, tukasubiri. Taa ya kipanya iliwaka, lakini mshale kwenye skrini haukusogea. Tukabadilisha betri, wapi! Tukazima na kuwasha, wapi! Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja wetu akasema kijana ameharibu. Mwingine akasema amebadilisha kipokezi akachukua kizuri. Wa tatu akasema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Kabla ya usiku kuingia, watu kadhaa walikwisha kuambiwa wasimpe kazi.

Kesho yake kijana alifika mwenyewe. "Shikamooni, wazee wangu." Tukaitikia marahaba kwa midomo mikavu. Hakubishana nasi. Alichomeka kipanya chake chenye waya katika tundu lile lile la USB, mshale ukatembea. Hivyo tukajua kwamba tundu ni zima na kompyuta ni nzima. Akakitazama kile kipokezi cha droo, akauliza, "Hiki ni cha kipanya hiki kweli?" Hatukuwa na jibu. Kisha akaiomba ile katoni. Tulipoifungua, kipokezi halisi kilikuwa kimechomekwa nyuma ya bodi ya zamani, mahali pale pale tulipokiweka sisi wenyewe miaka iliyopita. Kile cha droo kilikuwa cha kibodi iliyokufa zamani. Kitu tulichodai kimeibiwa kilikuwa ndani ya mzigo ambao mtuhumiwa alitukabidhi kwa mikono yake miwili.

Ndugu wapendwa, tuelewe kwanza jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi. Vipanya visivyo na waya ni vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huja na kipokezi chake, na hivyo viwili huzungumza kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Vimefungamanishwa kiwandani, kipokezi cha kipanya kingine, hata kikifanana kwa umbo na rangi, kwa kawaida hakitakitambua. Uzuri wake ni kwamba ufungamano huo umo ndani ya kipokezi chenyewe, kwa hiyo ukikihamishia kwenye kompyuta nyingine, kipanya hufuata. Aina ya pili hutumia bluetuthi. Hapo ufungamano huhifadhiwa na kompyuta, ukihusishwa na kifaa chake cha bluetuthi. Ukibadilisha bodi au kadi yenye kifaa hicho, kompyuta huwa mgeni mbele ya kipanya, na sharti viunganishwe upya. Na kama fundi hakurudisha antena nyuma ya mashine, kipanya kitasitasita hata baada ya kuunganishwa.

Zipo sababu nyingine ambazo si hila ya mtu. Matundu ya mbele ya kasha hutegemea waya unaochomekwa kwenye bodi. Waya huo ukisahauliwa, matundu yote ya mbele huwa mapambo tu. Tena, mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka ulioeleza kwamba vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi hutoa kelele ya mawimbi katika eneo lile lile la gigahezi 2.4. Kwa hiyo mtu akiongeza diski ya nje na kuichomeka jirani na kipokezi, kipanya kinaweza kuanza kurukaruka au kunyamaza. Dawa yake ni kukihamisha kipokezi mbali na diski, au kutumia waya wa kurefushia ili kikae karibu na mkono. Tena Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, haikuwa na draiva za USB 3.0 ndani yake. Waliohamia kwenye bodi mpya za Intel kuanzia mwaka 2015 waliona kipanya na kibodi vikifa pamoja wakati wa kuiweka, ingawa vyote vilikuwa vizima.

Kutokana na hayo, tunapendekeza utaratibu huu, tukianza na mambo yasiyo na gharama. Kwanza, tujiulize: ni nini kilichobadilishwa mara ya mwisho? Pili, tuangalie swichi iliyo chini ya kipanya na betri yake. Tatu, tuhakikishe kipokezi ni chake, kisha tukihamishie kwenye tundu jingine, hasa la nyuma ya mashine. Nne, tuchomeke kipanya chenye waya. Kikifanya kazi, tatizo haliko kwenye kompyuta nzima. Tano, tukijaribu kipanya chetu na kipokezi chake kwenye kompyuta nyingine; kikifanya kazi huko, basi tatizo liko kwenye tundu au draiva za ile ya kwanza, wala si kwenye kipanya. Wakati wa shida hiyo tusikate waya wa umeme kwa hasira; vitufe vya Ctrl na S vikibonyezwa pamoja vyatosha kuhifadhi kazi yetu, na kitufe cha Windows, Tab, vitufe vya mishale na Enter vyatosha kuizima mashine kwa utaratibu.

Wapo watakaotuambia kwamba tunajisumbua bure, kwamba kipanya ni kitu cha bei nafuu, kinunuliwe kingine maisha yaendelee. Hoja hiyo hatuidharau, kwani muda nao ni mali. Lakini tundu likiwa bovu, kipanya kipya nacho kitagoma, na tutakuwa tumelipia ujinga wetu mara mbili. Tena, taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vipanya vizima vilivyotupwa kwa kukosa vipokezi vyao vimo katika rundo hilo.

Na zaidi ya hayo yote kuna mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Kipanya hununuliwa dukani. Jina la kijana halinunuliwi. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilituchukua miaka mingi kuanza kuzizoea. Leo, katika mji huu wa Kibaha, ambao sifa yake ya elimu ilijengwa tangu mradi wa nchi za Nordic ulipoanza mwaka 1963, vijana wanajifunza ufundi huu, wengine kwa kuangalia tu, na kwa ufundi huo wanalisha wazazi wao. Wanafunzi wetu wanapojaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu siku ya mwisho, ni hao hao wanaoamshwa. Fundi wa kando ya barabara hana cheti cha ukutani wala wakili. Ana sifa yake tu kwa majirani. Sisi tuliigusa sifa hiyo kwa usiku mmoja, bila hata kufungua katoni.

Tulimwomba radhi. Alicheka, akasema, "Yamekwisha, wazee wangu." Lakini hayakuwa yamekwisha, maana neno lililotoka halirudi kama kipokezi kinavyorudi katika tundu lake. Ilitubidi tupite kwa wale wote tuliowaambia, mmoja baada ya mwingine, tukiri kwamba tulikosea. Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kubadilisha bodi, na hatuna hakika kama kila aliyesikia uvumi amesikia pia masahihisho.

Basi, tangu siku ile tumejiwekea kanuni tatu. Kipanya chenye waya kinakaa daima katika droo. Kila kipokezi kimebandikwa alama ya rangi inayolingana na kipanya chake. Na fundi anapokuja, tunaandika mbele yake kilichotoka, kilichoingia, na kilichobaki katika katoni, kisha tunajaribu kila kifaa yeye akiwapo. Kanuni hizo hazigharimu kitu, nazo zinamlinda yeye kama zinavyotulinda sisi.

Tuwatakieni juma jema. Na pale chombo kitakapogoma nyumbani au kazini, tuanze na betri, tufuate na kipokezi, na jina la mtu liwe la mwisho kabisa kuguswa.