Hazina ya Pangoni ni Ulaghai



Uvumi wa mapango yenye dhahabu ya Wajerumani hauishi nchini mwetu. Huku delta ya Rufiji na Kibiti, mwenye kuutetea hukutajia manowari Königsberg. Historia yamkana. Manowari hiyo ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe mtoni mwaka 1915. Mizinga yake mikubwa 10 ilitolewa, ikakokotwa kwa mikono ya Waafrika hadi vitani nchi kavu. Je, aliyekumbuka kubeba vyuma angesahau dhahabu?

Anayefaidi uvumi huu ni mwenye “ramani”. Hudai fedha za kafara, huchimbua mashamba na hata makaburi, kisha hutoweka. Huko ni kumwibia maskini. Mtu wa Injili (Mt 13:44) aliuza mali yake mwenyewe akalinunua shamba. Huyu huuza ya kwetu.

Viongozi wa walei, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Basi, pamoja na jirani zetu Waislamu, mgeni huyo tumhoji hadharani mkutanoni kabla hajainua sururu. Hazina yetu haikufichwa: ni mpunga, kamba na mikoko. Hiyo tuilinde.