USIMKEMEE. KETI NAYE.

Leo sina neno la kupaka mafuta. Anayetaka kukasirika akasirike, lakini asome hadi mwisho.

Kuna tabia imeingia kwetu sisi watu wa kiroho. Ndugu anamjia mshirika mwenzake, sauti iko chini, anasema, "Mimi nimechoka kuishi." Kabla hajamaliza, mkono uko kichwani mwake na kelele zimeanza: "Roho ya mauti, toka!" Dakika tano za jasho, kisha anaambiwa amefunguliwa, aende kwa amani. Anaenda. Hakuna aliyemuuliza amekaa siku ngapi bila kula wala kulala. Hakuna aliyeuliza usiku huo atakuwa na nani nyumbani. Hakuna aliyechukua namba ya mke wake au ya ndugu yake. Halafu habari mbaya ikija, tunasema, "Lakini tulimwombea."

Ulimwombea, ama ulimwondoa?

Sasa usiniambie sijui mapepo yapo. Marko 5 naisoma kama wewe. Lakini fungua 1 Wafalme 19 uniambie Eliya alikuwa na pepo gani. Huyu ni mtu aliyeshusha moto Karmeli, sura moja tu nyuma. Yezebeli ametishia, Eliya amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake (hapo pa "peke yake" piga mstari), ameketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aitoe roho yake. Nabii wa Mungu! Mbinguni walijibu nini? Malaika hakuja kukemea wala hakuleta somo la imani haba. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Sisi tukienda mara moja na soda mbili tunaona tumetumika sana. Lile swali gumu, kwamba anafanya nini hapo, Mungu alimuuliza baadaye, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40. Musa naye katika Hesabu 11 alipoomba afe kwa sababu mzigo umemzidi, Mungu alimpa wazee 70 wabebe pamoja naye.

Twende mahali panaponichoma zaidi, Mathayo 27. Tunapenda kumhubiri Yuda kama mfano wa mtu aliyepotea. Soma tena mstari wa 3 hadi wa 5, polepole. Kabla ya yale ya mwisho, Yuda alikwenda kwa makuhani na wazee. Alirudisha vile vipande 30 vya fedha. Alikiri kwa kinywa chake kwamba amekosa. Alikwenda kwa watu wa dini, na watu wa dini wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ni shauri lake. Simtetei Yuda kwa alichomfanyia Bwana. Lakini Mathayo hakuandika kwamba alisikia sauti nyingine ya mwanadamu baada ya hiyo. Wewe shemasi, wewe kiongozi wa seli, wewe mama wa maombi: mtu akija kwako na aibu yake, amekula pesa za chama, amepoteza karo ya watoto kwa kamari ya simu, ana mikopo hata hajui amemkopa nani, atamkuta nani mlangoni? Kuhani wa Mathayo 27?

Paulo alikuwa mfungwa, mgongo una vidonda vya fimbo, na bado alifanya vizuri kuliko wale makuhani. Askari wa gereza kule Filipi aliona milango wazi, akadhani wafungwa wametoroka, akataka kujiua. Paulo alipaza sauti kwamba asijidhuru, kwa maana wote wako pale. Habari ya wokovu ilikuja baada ya hapo, na aliyeiuliza ni yule askari mwenyewe.

Kuwa pale ni kufanya nini? Kwanza, muulize wazi, kwa upole, mkiwa wawili: "Ndugu yangu, unafikiria kujitoa uhai?" Najua utasema nitamtia hilo wazo. Hapana. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili, na hawakuona kwamba kuuliza kunampa mtu wazo. Wengi huona afadhali mtu amethubutu kutaja. Akisema ndiyo, usipige yowe. Usimwambie, "Na watoto wako je?" Anajua ana watoto, huenda ameshajishawishi kwamba wataishi vizuri zaidi bila yeye. Nyamaza usikilize. Kisha muulize kama amepanga. Kama amepanga, hiyo ni dharura sawa na mtu anayevuja damu. Usimwache peke yake hata dakika. Chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe karibu, dawa za hospitali na za shambani zikae kwa jirani kwa kufuli, na mfike hospitali usiku huo huo. Usimwapie kwamba utatunza siri. Siri nyingine unazitunza, hii unaitoa kwa mtu anayeweza kusaidia. Na wiki ijayo rudi, kama malaika. Mara ya pili.

Maombi? Omba! Omba ukiwa kwa boda boda mkienda hospitali. Ila asiwepo mtu wa kanisa hili anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ndio imani ionekane. Wewe una miwani usoni na unameza dawa za presha kila asubuhi. Zako mbona hujatupa?

Wengine walikuwa wanaogopa polisi, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Mtu ameokolewa kifoni, anasomewa mashtaka. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Jaji ameona huyu ni mtu wa kutibiwa. Kanisa bado linamshtaki.

Nasema hivyo kwa sababu ya mahubiri niliyoyasikia kwenye mazishi fulani. Mama ameketi mbele ya jeneza la kijana wake, na mhubiri anamweleza, kwa spika kubwa, moto ambao mtoto wake ameingia. Mimi nilikuwa naangalia vijana waliosimama nyuma karibu na uzio, rika la marehemu. Kama mmoja wao alikuwa na mawazo yale yale, siku hiyo alijifunza jambo moja tu: mchungaji asiambiwe.

"Lakini tukiacha kutisha na jehanamu, si tutafungua mlango?" Nimeulizwa hivyo na mtumishi mwenzangu ninayemheshimu. Nikamjibu: mtu huyo yuko ndani ya giza ambalo hata jina lake mwenyewe halisikii vizuri. Vitisho vyako vinamfunga mdomo, basi. Mkono wake havijaufunga. Na hukumu ya aliyekwisha kuondoka ni ya Mungu, hakutuachia sisi. Alichotuachia ni huyu aliye hai, anayekaa safu ya tatu na kutabasamu kila Jumapili.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi, mashemasi wote, viongozi wa seli, kwaya na wa vijana mtabaki. Kuna muuguzi wa afya ya akili anakuja kutufundisha. Wanaume, nawataka hasa ninyi, maana ninyi hamsemi.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umejifunika blanketi, umepunguza mwanga wa simu ili usionekane uko macho: haujalaaniwa. Amsha mtu hapo nyumbani sasa. Kama hakuna, piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haikatwi pesa. Ama uniandikie. Kama maneno hayaji, andika tu "Pasta." Nitapiga.