Kasumbalesa, Kasenga ao Kalemie: barabara gani ya kutoka Lubumbashi ianze?

Kila mara wakubwa wanapozungumza juu ya barabara mpya ya kutoka Katanga kwenda baharini, watu wanauliza ulizo moja tu: njia gani iko fupi? Ulizo si baya. Lakini kwa mwenye kamio, kwa shofere, kwa mama anayenunua unga sokoni, kilomita si kitu cha kwanza. Iko maulizo ingine mbili zenye uzito zaidi: nani anashika ufunguo wa mlango, na nani analipa peaje?

Tuanze na hesabu ndogo. Mwaka 2024, Kongo ilitoa shaba zaidi ya tani milioni 3, na karibu yote inatoka Haut-Katanga na Lualaba. Kamio moja inabeba kama tani 30. Kama shaba hii yote ingepita barabarani, ni safari zaidi ya 100,000 kwa mwaka, ni kusema kamio zaidi ya 270 kila siku, Siku ya Mungu na sikukuu ndani. Na hapo hatujahesabu zile zinazoingia: mazuti, salfa na asidi ya viwanda, mashine, saruji, na unga wa bukari yetu. Sehemu kubwa ya mzigo huu inapita mlango mmoja: Kasumbalesa. Njo maana mapendekezo yamekuwa mengi. Ukiyapanga vizuri, yanabaki njia tatu.

Njia ya kwanza: kupanua ile tunayo

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Gudro iko, peaje iko. Wanaotetea njia hii wanasema: tuipanue tu, kamio zipite upande wao, mabasi na magari madogo upande wao. Wako na sababu. Depo, benki, watu wa duane, parkingi, vyote viko pale tayari. Tena Kasumbalesa haipeleki Dar es Salaam peke yake. Ukishavuka, unaweza kushuka Durban, Beira ao Walvis Bay. Na mji wote unaishi kwa kamio hizi: mama wanaouza chakula, vijana wanaobadilisha makuta, wenye nyumba za kulala wageni.

Lakini kila shofere atakuambia kwamba shida ya Kasumbalesa haiko barabarani. Iko mlangoni. Iko katika karatasi, katika hesabu ya huduma za serkali ambazo kila moja inataka kuangalia mzigo uleule, na katika uwanja wa kuegesha usiotosha. Njo sababu mstari wa kamio unafika kilomita na kilomita, na mashofere wanalala ndani ya kabini, wengine wanaibiwa usiku. Ukipanua njia ya kwenda mlangoni na mlango wenyewe ukabaki mwembamba, utapata tu mistari miwili ya kamio pahali pa mmoja.

Sakania na Mokambo zinaweza kusaidia kidogo. Ni milango midogo katika ule mkono wa Kongo unaoingia ndani ya Zambia, moja inatazama Ndola, ingine Mufulira. Reli ilipita Sakania zamani, mbele ya kufika Elisabethville mwaka 1910. Lakini kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam, milango hii haibadilishi safari sana. Bado anashuka kusini mpaka Kapiri Mposhi, kisha anageuka na kupanda tena kaskazini mashariki mpaka Nakonde na Tunduma.

Njia ya pili: daraja la Luapula

Kuzunguka huku njo kumezaa mradi wa Kasenga. Pahali pa kushuka kusini halafu kupanda, kamio itoke Lubumbashi kuelekea kaskazini mashariki, ifike Kasomeno, ishuke Kasenga, ivuke mto Luapula kwa daraja jipya, itokee Chalwe upande wa Zambia, ifuate njia mpaka Mwenda, halafu ielekee Kasama na Nakonde. Mradi wa Kasomeno–Mwenda ni kama kilomita 180 za barabara pamoja na daraja la metre 345. Gharama iliyotangazwa ni kama dola milioni 156, zinazoletwa na kampuni ya binafsi, GED Africa, ambayo itarudisha feza yake kwa peaje kwa miaka 25.

Faida inayosifiwa ni zaidi ya kilomita 200 zinazopungua mpaka Dar es Salaam. Tupime. Kamio yenye mzigo, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, inaokoa saa nne hivi, na mazuti ya kilomita hizo. Ni kitu. Lakini ukiokoa saa nne njiani halafu ukalala siku mbili kwenye bariere ya Kasenga, umepata nini? Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Daraja likijengwa na huduma zilezile zikaja kupanga meza zilezile, tutakuwa tumezaa Kasumbalesa ya pili, na hii itakuwa na peaje ya miaka 25 juu yake.

Faida ambayo haisifiwi sana ni ya watu wa kule. Kasenga imelisha Lubumbashi samaki tangu wakati wa wakoloni, wakati wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wanapakia samaki wa Luapula na Moero kwa ajili ya kambi za wafanyakazi. Udongo wa bonde lile unatoa muhogo na mahindi. Leo, mvua ikinyesha, mzigo wa samaki unaweza kuoza mbele ya kufika soko. Kwa mkulima na mvuvi, gudro ya Kasomeno–Kasenga iko na maana hata kama hakuna kamio moja ya shaba inayovuka daraja.

Njia ya tatu: kubaki ndani ya inchi

Njia ya tatu ni ndefu na ngumu, ndiyo sababu wakubwa wanaizungumza wakati wa kampeni kisha wanaisahau. Ni barabara ya taifa namba 5: Lubumbashi, Kasomeno, Pweto, Moba, Kalemie. Kule Kalemie mzigo unapanda meli, unavuka ziwa Tanganyika. Upande wa Tanzania, Kigoma iko na reli ya kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 1914, na Watanzania wamejenga bandari mpya ya Karema, katika mkoa wa Katavi, inayotazamana na Kalemie. Tena wanaendelea na reli yao ya kisasa: mwaka 2022 walitia saini mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma. Majirani wanatungojea pwani ya ziwa, na sisi hatujafika.

Magumu iko mingi. Ni mamia ya kilomita za kujenga, zenye mito na milima. Mzigo unapakuliwa na kupakiwa mara mbili, na kila mara ni feza na ni siku. Bandari ya Kalemie iko na uzee, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka hii iliyopita yameingia mpaka katika mitaa ya mji. Kwa kampuni inayohesabu faida ya mwaka huu, Kalemie haiwezi kushinda Kasumbalesa wala Kasenga.

Lakini serkali haihesabu kama kampuni. Eneo la Manono, Mitwaba na Pweto watu waliliita pembetatu ya kifo juu ya vita vya wanamgambo. Pahali ambapo gari la serkali halifiki, mwenye bunduki anafika kwa miguu. Hii ni hesabu ambayo haionekani katika bei ya tani moja ya shaba.

Nani anashika ufunguo?

Mwezi wa nane 2024, Kinshasa ilikataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia. Wasafirishaji wakalalamika, na Zambia ikafunga mipaka yake nasi. Haikufunga Kasumbalesa peke yake. Ilifunga Kasumbalesa, Sakania na Mokambo pamoja. Ilichukua siku chache tu, wakapatana, kamio zikaanza kupita tena. Lakini kwa siku hizo, shaba na kobalti ya inchi nzima ilisimama juu ya ugomvi wa chupa za bia.

Somo liko wazi. Daraja la Kasenga nalo linatua Zambia. Lingekuwa limekwisha wakati ule, lingefungwa siku ileile. Kwa hiyo Kasenga inafupisha njia, inapunguza mstari wa Kasumbalesa, lakini haitupatii ufunguo wetu. Njia zisizopita Zambia ni mbili tu kwa mzigo wa Katanga: reli ya magharibi, Kolwezi–Dilolo mpaka Lobito, na ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Reli ya Lobito, upande wa Angola, imekwisha kupata kampuni za kuiendesha na wakopeshaji wakubwa. Lakini reli hiyo inafaa zaidi Kolwezi. Mashariki hakuna kitu bado.

Si kusema Zambia ni adui. Hapana. Mwaka wowote mahindi yanapokosa kwao, bei ya bukari inapanda kwetu, na wao wanaishi pia kwa kamio zetu. Lakini hata na ndugu, mtu hawezi kuwa na mlango mmoja ambao ufunguo uko kwa jirani.

Nani analipa?

Kuhusu peaje, watu wanasema: kampuni za migodi njo zitalipa. Si kweli yote. Basi la abiria linalipa, kamio ya samaki inalipa, ya unga inalipa, na kila franka inarudi katika bei sokoni. Mkataba wa miaka 25 unafunga mikono ya maliwali na madepite ambao hawajachaguliwa bado. Basi raia wako na haki ya kujua: bei ya gari dogo ni ngapi? Nani anaruhusiwa kuipandisha? Wakaaji wa vijiji vya njiani wanalipa kama wengine? Na kamio inayobeba zaidi ya kipimo, nani anaipima? Tangu 2008 tuko na FONER, mfuko wa kutunza barabara, na kila mtu anayenunua mazuti anachangia. Mtu asilipe mara mbili kwa shimo lilelile.

Iko pia bei ya damu. Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke, kamio ya asidi iligongana na basi, na watu zaidi ya 15 walikufa. Barabara yoyote itakayochaguliwa, kama inapitisha asidi katikati ya soko la kijiji, imechorwa vibaya. Kuzungusha njia nje ya kijiji kunaongeza feza kidogo leo na kunaokoa watoto kesho.

Kipande kinachofaa wote

Sasa tazama ramani tena. Kasenga na Kalemie zinaonekana kama njia mbili zinazoshindana. Lakini zote mbili zinatoka Lubumbashi na kupita Kasomeno. Pale njo zinaachana. Ni kusema kipande cha Lubumbashi–Kasomeno hakiwezi kupoteza feza ya mtu: kinafaa daraja la Luapula, kinafaa Pweto, kinafaa mkulima.

Kwa hiyo mpango wenye akili uko hivi. Kasumbalesa: usimwage feza nyingi katika gudro, tengeneza kwanza mlango, huduma chache, karatasi moja, uwanja mkubwa. Kasenga: kampuni ya binafsi inataka kujenga, ijenge, lakini mkataba uwekwe wazi na duane ya pale isiige ya Kasumbalesa. Na feza ya serkali, ile ya migodi ambayo kila mwaka tunaambiwa inaongezeka, iende pahali ambapo binafsi hataki kwenda: Kasomeno mpaka Pweto kwanza, kisha Moba, kisha Kalemie, kipande kwa kipande, pamoja na bandari.

Kila kipande kitafaa siku kinapokwisha, hata kama kinachofuata kitachelewa. Gudro ikifika Pweto, samaki wa Moero watafika Lubumbashi wakiwa wazima. Ikifika Moba, ng'ombe na maharagwe ya Marungu vitapata soko. Na siku itakapofika Kalemie, Zambia ikifunga mlango tena juu ya chupa za bia, tutaweza kuzungumza nayo tukiwa tumekaa, si tukiwa tumesimama katika mstari. Madepite wa Haut-Katanga na Tanganyika wanapopiga kura ya bajeti, waulizwe jambo hili moja: kipande cha Kasomeno–Pweto kimeandikwa mstari gani, na kwa feza ngapi?