Usiicheke shule ya serikali kabla ya kuhesabu madawati

Wasee wakikutana maskani, kuna swali halikosi: "Ulisoma shule gani ya msingi?" Ukitaja akademi, watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Ukitaja shule ya serikali, lazima mmoja acheke na kuuliza kama mlikuwa mkikalia mawe. Mimi nilisoma shule ya serikali huku Eastlands na, hapana, hatukukalia mawe. Tulikalia dawati la watoto wawili tukiwa wanne. Wa pembeni aliandika akiwa nusu hewani.

Nimelikumbuka dawati hilo kwa sababu dadangu anamtafutia mwanawe shule ya kuanza Gredi ya Kwanza. Swali lake la kwanza ni lile letu sote: "Hiyo shule hupata maksi ngapi?" Sasa wewe unayesoma hapa, ambaye kesho kutwa utakuwa mzazi kama hujawa tayari, naomba uanze na swali tofauti. Shule hiyo ina watoto wangapi, na wanatoka wapi?

Sababu ni hesabu tu. Chukua darasa la watoto 40 enzi za KCPE, wastani wao alama 300 kwa 500. Januari wanaongezwa wenzao 40 ambao walikuwa nyumbani kwa kukosa karo, na hao wanapata wastani wa 200. Wastani wa darasa zima unashuka hadi 250. Mtaani tutasema shule imeporomoka. Lakini wale 40 wa kwanza hawajapoteza hata maksi moja, na wale wapya wamepata kitu ambacho hawakuwa nacho: nafasi ya kusoma.

Hayo ndiyo yaliyotokea 2003. Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi Januari, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, akiwa na miaka 84, alivaa sare na kuingia darasa la kwanza kule Eldoret. Tulimpigia makofi, lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Wazazi waliokuwa na uwezo kidogo waliona msongamano wakahamisha watoto wao hadi akademi. Kwa hivyo wastani ukapigwa mara mbili: wakaingia waliokuwa wameachwa nyuma, wakatoka wenye vitabu nyumbani. Kisha tukakaa tukasema shule za gava zimeharibika.

Sisemi kufundisha hakukuumia. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusahihisha madaftari 80 kila jioni. Na msongamano haufai kuwa kisingizio cha kila kitu. Tafiti za Uwezo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, zilipata kwamba ni kama watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili. Hiyo ni aibu, na watoto hao walikuwepo darasani. Ila ukitaka kujua mwalimu anafanya kazi au la, muulize mtoto aliingia akijua nini na sasa anajua nini. Wastani wa shule hauwezi kukujibu hilo.

Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule mwaka 2014. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Lakini orodha bado iko vichwani mwetu na kwenye makundi ya WhatsApp.

Twende kwa pesa. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa Sh1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: haifiki shilingi nne kwa siku. Hata andazi hulipati. Hapo ndipo shule hutafuta njia, na mzazi huanza kuitishwa pesa za "motisha", za mlinzi, za karatasi za mtihani.

Hata hizo shilingi nne zilihitaji jina la mtoto liwe kwenye mfumo wa NEMIS, na mfumo huo uliitisha nambari ya cheti cha kuzaliwa. Fikiria mtoto wa mtaa wa mabanda aliyezaliwa nyumbani, mamake hana karatasi yoyote. Yuko darasani, anasoma, lakini kwenye hesabu za mgao hayupo. Shule inayompokea inabeba mzigo bila malipo. Shule inayomfukuza inapendeza kwa wastani. Wewe ungependa ipi isifiwe?

Mabadiliko yanawezekana. Tangu 2023, mpango wa Dishi na County hapa Nairobi unampa mtoto chakula cha mchana kwa shilingi 5. Uliza mwalimu yeyote somo la saa nane linafanana vipi kwa mtoto aliyekula na kwa aliyekunywa maji tu.

Sasa kazi yako. Kama ulisoma shule ya serikali, rudi uitembelee, hata mara moja kwa mwaka. Uliza wanafunzi ni wangapi, walimu walioajiriwa na TSC ni wangapi, na ni wangapi wanaolipwa kwa pesa za wazazi. Kama mathe au buda yuko kwenye bodi ya shule, muulize pesa za mgao ziliingia lini na zilifanya nini. Kama una kadugu mle, kaa naye akusomee ukurasa mmoja. Na mbunge akija kuomba kura, muulize madarasa mapya yako wapi kabla hujamuuliza fulana ziko wapi.

Dadangu bado hajaamua. Jumatatu tunaenda pamoja kuiona shule ya serikali iliyo karibu na kwake. Amekubali kuingia darasani na kuhesabu madawati kabla ya kuuliza maksi. Nimemwambia aangalie pia yule wa pembeni, kama anafika kwenye daftari lake.