Tarakimu Nyingi Si Ukweli

Leo tuache kompyuta kidogo tuzungumzie chuma. Sisi wa Komarock ni majirani wa karakana za Kariobangi Light Industries, ambako mafundi wa jua kali hukereza shafti na bushi kila siku. Siku hizi vania za dijitali zimejaa madukani. Ukiibana kwenye shafti inakuandikia 25.04. Swali langu: nani kathibitisha?

Historia inasaidia hapa. Mwaka 1631 Mfaransa Pierre Vernier alieleza kipimo kidogo kinachoteleza ubavuni mwa kikubwa, ili mtu asome hata sehemu zilizo kati ya alama mbili. Mwaka 1848 Mfaransa mwingine, Jean Laurent Palmer, akapata hataza ya maikromita ya skrubu. Vyote viwili vilitupa tarakimu zaidi. Lakini ni Msweden Carl Edvard Johansson, wa kiwanda cha silaha cha Eskilstuna, aliyebuni mwaka 1896 seti ya vipande vya chuma vya urefu unaojulikana. Ukivipanga pamoja unapata kipimo unachotaka. Sasa fundi aliweza kukipima kipimo chenyewe!

Sisi waandishi wa programu tunalielewa jambo hili. Programu inaweza kutoa tarakimu 15, zote takataka. Ndiyo maana tunaijaribu kwa swali ambalo jibu lake tunalo tayari. Kipande cha Johansson ni jibu hilo.

Kwa maoni yangu, jua kali haikosi ustadi. Fundi akitengeneza shafti na bushi yake pamoja, zitaingiana hata kama vania inadanganya, kwa sababu anajaribisha moja kwa nyingine. Lakini mteja akiagiza shafti 200 za kuingia kwenye beringi zilizotoka kwingine, kosa la milimita 0.05 linatosha zirudishwe zote. Hasara ni ya fundi.

KEBS, shirika la viwango lililoanza kazi mwaka 1974, lina maabara za vipimo papa hapa Nairobi. Pendekezo langu: mafundi wachange wanunue seti moja ya vipande, wawe wakivipeleka kukaguliwa, na kila Jumatatu kila mmoja aijaribu vania yake hapo. Mzigo wa wengi huwa mwepesi.

Kwa hivyo, ndugu yangu fundi, kabla hujanunua vania yenye tarakimu zaidi, tafuta kwanza cha kuijaribia.